BBC Micro: Nyanyake Simu Iliyo Mfukoni Mwako

Najua nimekuwa kimya. Kazi za wateja zilinibana hata nikasahau kwamba nina ukumbi wangu mwenyewe wa kupigia gumzo. Leo nimerudi na hadithi, na kama kawaida ya hapa, ni hadithi ya mashine.

Nikikutajia BBC, wewe unawaza nini? Redio, bila shaka. Kwetu nyumbani babu alikuwa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira ili kifuniko kisianguke. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza habari, sote tulinyamaza. Idhaa hiyo ilianza kutangaza mwaka 1957, kwa hivyo wazee wetu wengi wamekua nayo. Lakini je, wajua kwamba shirika hilo hilo liliwahi kuwa na tarakilishi yake? Nazungumzia mashine iliyouzwa kwa watu wa kawaida, ikawekwa sebuleni na darasani. Jina lake BBC Micro, na ukinivumilia hadi mwisho nitakuonyesha kwamba ni nyanyake simu unayoitumia sasa hivi.

Kabla sijaanza, wacha niseme kwa nini habari hii inanigusa. Nilipokuwa kidato cha kwanza, shule yetu ilikuwa na chumba cha tarakilishi. Mashine zilifunikwa vitambaa, mlango ukatiwa kufuli mbili, na funguo akawa nazo mwalimu mmoja tu. Muhula mzima tulijifunza ubaoni: taja sehemu nne za tarakilishi, chora kipanya. Nilijua kuchora kipanya kabla sijakishika! Siku tulipoingia hatimaye, amri ya kwanza ilikuwa msiguse kitu. Miaka kadhaa baadaye, nikisomea shahada yangu, nilikutana na historia ya BBC Micro. Nikaona kwamba kulikuwa na nchi iliyowahi kuanza na swali jingine kabisa. Sisi tulijiuliza jinsi ya kuwazuia watoto wasiharibu mashine. Wao walijiuliza jinsi ya kuwafanya watu wasiiogope.

Hofu ya chipu

Mwaka 1978 BBC ilionyesha filamu ya mfululizo wa Horizon iliyoitwa "Now the Chips Are Down". Ilieleza jinsi chipu ndogo za silikoni zitakavyobadilisha kazi za watu, na ikauliza kama Uingereza ilikuwa imejiandaa. Wananchi walishtuka, wanasiasa pia. Basi BBC ikaanzisha mradi wa kuwafundisha wananchi tarakilishi, BBC Computer Literacy Project. Kulikuwa na vipindi vya runinga, kulikuwa na kitabu, na hapa ndipo penye utamu: kulikuwa na tarakilishi maalumu ya mradi. Mtazamaji angeinunua, aketi nayo, na ajaribu mwenyewe yale aliyoyaona kwenye kipindi.

Kwa nini mashine moja maalumu? Kwa sababu siku hizo kila kampuni ilikuwa na lahaja yake ya lugha ya BASIC. Programu iliyoandikwa kwa mashine hii haikukubali kwenye ile. Ni kama kumfundisha mtu Kiswahili kwa vitabu vinne, kimoja cha Kimvita, kimoja cha Kiamu, kimoja cha Kiunguja na kimoja cha Kingwana, kisha umlaumu akichanganyikiwa. Mwalimu wa runinga alihitaji lahaja moja.

Hapo mwanzo BBC ilitegemea mashine iitwayo NewBrain ya kampuni ya Newbury Laboratories, lakini ikachelewa. Mlango ukafunguliwa kwa wengine. Clive Sinclair, ambaye tayari alikuwa ameuza ZX80 kwa bei ya chini ya pauni 100, aliutaka sana mkataba huo. Mpinzani wake alikuwa Chris Curry, aliyewahi kufanya kazi kwa Sinclair kabla ya kuanzisha Acorn mwaka 1978 mjini Cambridge pamoja na Hermann Hauser. Uhasama wa mabosi hao wawili haukuishia kwenye biashara. Mwishoni mwa mwaka 1984 walikorofishana ndani ya baa mjini Cambridge, na mwaka 2009 BBC yenyewe ikatoa filamu kuhusu ugomvi wao, "Micro Men".

Wiki moja ya mwaka 1981

Acorn walikuwa na mawazo ya mashine waliyoiita Proton, lakini mashine yenyewe haikuwepo. BBC ikasema inakuja kuiona baada ya siku chache. Hauser akafanya ujanja ambao meneja yeyote wa programu ataufahamu. Alimwendea Sophie Wilson akamwambia Steve Furber amesema inawezekana kuijenga kwa wiki moja. Kisha akamwendea Furber akamwambia Wilson amesema inawezekana. Kila mmoja akakubali kwa sababu mwenzake ameshakubali!

Wakafanya kazi mchana na usiku. Asubuhi ya siku ya wageni mashine ilikuwa imeshaunganishwa, lakini haikuwaka. Hauser akashauri wakate waya uliokuwa ukiiunganisha na kifaa walichokitumia kuipima. Wakaukata, ikawaka. Watu wa BBC walipofika walikuta kitu kinachofanya kazi, na Acorn wakapata mkataba. Mimi nimewahi kukesha hivyo kabla ya kumwonyesha mteja kazi yake, na naapa hitilafu yangu pia ilikuwa ni waya.

BBC Micro ilitoka Desemba 1981, na tarehe 11 Januari 1982 kipindi cha kwanza cha "The Computer Programme" kikaonyeshwa. Acorn walitarajia kuuza mashine kama 12,000 hivi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 1.5.

Ndani ya kasha

Tuifungue basi. Prosesa yake ni 6502, ile ile familia iliyoendesha Apple II, lakini hapa inakwenda kwa kasi ya megahezi 2. Modeli A ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, Modeli B kilobaiti 32. Hebu linganisha: simu yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu ina mara 131,072 ya Modeli B. Picha moja uliyotumiwa asubuhi kwenye WhatsApp huenda isingeenea humo.

Na hata hizo kilobaiti 32 hazikuwa zako zote. Kama ulitumia kaseti kuhifadhi programu, mfumo ulijichukulia baiti 3,584. Kisha skrini nayo ilikula kutoka kumbukumbu hiyo hiyo. Ukichagua hali ya 7, ya maandishi tu, skrini ilitaka kilobaiti 1, nawe ukabakiwa na baiti 28,160. Ukichagua hali ya 0, yenye nukta 640 kwa 256, skrini ilimeza kilobaiti 20, nawe ukabakiwa na baiti 8,704 tu za programu yako. Mwanaprogramu alilazimika kuamua kabla hajaanza: anataka picha nzuri au programu ndefu? Vyote viwili havikuwezekana.

Kilichoitofautisha na wenzake kilikuwa matundu. Nyuma na chini kulikuwa na mahali pa kuchomeka printa, diski, mtandao wa darasani ulioitwa Econet, na hata vifaa vya kupimia joto au mwanga, kwa sababu ilikuwa na njia 4 za kusomea volteji. Walimu wa sayansi waliipenda kwa ajili hiyo. Na kulikuwa na tundu moja lililoitwa Tube, la kuunganishia prosesa ya pili. Lishike tundu hilo akilini, tutalirudia.

Kisha kuna BASIC yake, kazi ya Sophie Wilson. BASIC za wakati huo zilikuwa na fujo: GOTO huku, GOTO kule, hata mwenyewe ukapotea kwenye programu uliyoiandika jana. Ya BBC ilikuruhusu kuandika vipande vyenye majina. Tazama:

10 PROCsalamu("AMINA")
20 PROCsalamu("OTIENO")
30 END
40 DEF PROCsalamu(jina$)
50 PRINT "HABARI YAKO, ";jina$
60 ENDPROC

Mwaka 1981! Leo tunaandika hivyo hivyo kwenye Python na kuona ni jambo la kawaida. Tena ukitaka kasi zaidi, uliweza kuandika lugha ya mashine katikati ya programu yako ya BASIC, bila kununua chochote cha ziada. Mtoto aliyechoka na mchezo wake unaokwenda polepole alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye prosesa yenyewe.

Nani aliimudu?

Sasa tuseme ukweli, maana historia ya mashine ikiandikwa na mashabiki husahau bei. Modeli A ilitangazwa kwa pauni 235 na Modeli B kwa pauni 335, kisha mara moja zikapanda hadi 299 na 399. Mwaka 1982 Sinclair alijibu kwa ZX Spectrum iliyoanzia pauni 125. Familia nyingi za wafanyakazi zilinunua Spectrum. BBC Micro ya nyumbani ilikuwa ya wenye nafasi.

Ila serikali iliingilia kati. Kuanzia mwaka 1981 Wizara ya Viwanda ililipa nusu ya gharama kwa shule za sekondari zilizonunua tarakilishi kutoka orodha iliyoidhinishwa, na BBC Micro ilikuwa humo. Ndiyo maana ukiongea na Mwingereza aliyesoma miaka ya 1980, hata ambaye kwao hakukuwa na tarakilishi, atakwambia aliigusa shuleni. Mashine ya wenye nacho ikawa ya wote kwa sababu mtu alilipa nusu na mtu mwingine akaufungua mlango wa darasa.

Matumizi yalikuwa mengi. Watu waliandika barua kwa programu zilizokuja ndani ya chipu: unaichomeka kwenye soketi, nayo iko tayari kila unapowasha. Walimu waliongoza vibao vidogo vya magurudumu vilivyochora sakafuni. Na kati ya mwaka 1983 na 1989 BBC ilituma programu hewani! Zilifichwa ndani ya mawimbi ya runinga pamoja na kurasa za maandishi za Ceefax, na mwenye kifaa maalumu alizipokea na kuziendesha. Huko kupakua programu bila waya kulikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Na michezo je? Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite, mchezo wa kusafiri angani na kufanya biashara. Una galaksi 8, kila moja na sayari 256, jumla sayari 2,048 zenye majina, serikali na bei za bidhaa. Ziliingiaje kwenye kilobaiti 32? Hazikuhifadhiwa. Galaksi nzima ilizalishwa kwa hesabu kutoka baiti 6 tu za mwanzo, kila sayari ikikokotolewa unapoihitaji. Ukirudi kesho, hesabu ni ile ile, kwa hivyo sayari ni ile ile. Kila ninapomwona mwenzangu akilalamika kwamba seva ya gigabaiti 16 haimtoshi, mimi huzikumbuka hizo baiti 6.

Kitabu cha miaka 900 na diski ya miaka 15

Si kila kitu kilikwenda vizuri, na hapa kuna funzo ambalo kila mtu mwenye picha kwenye simu analihitaji.

Mwaka 1086 mfalme William wa Uingereza alifanya sensa ya mali ya nchi yake, ikaandikwa katika kitabu kiitwacho Domesday. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, BBC iliamua kutengeneza Domesday mpya kwa tarakilishi. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, waliandika kuhusu vijiji vyao, wakapiga picha, wakaeleza wanachokula na wanachocheza. Yote yakawekwa kwenye diski kubwa za leza, zilizosomwa na mashine ya familia ya BBC Micro iliyounganishwa na kichezeshi maalumu. Bei ya mtambo huo ilikuwa maelfu ya pauni, hata shule nyingi zilizochangia habari hazikuweza kuununua.

Vichezeshi vikaanza kufa. Kufikia mwaka 2002 wasiwasi ulikuwa mkubwa: kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilisomeka bado, lakini diski za mwaka 1986 zilikaribia kupotea. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ilibidi watengeneze programu ya kuigiza mashine ile ya zamani ili zisomeke. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu ya mkusanyiko huo kwenye wavuti. Tovuti hiyo nayo ikafungwa mwaka 2018, na nakala yake ikabaki kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa.

Mimi nina picha za arusi ya shangazi yangu kwenye CD, na nyumba nzima hatuna kifaa cha kuisoma. Wewe una nini?

Ajali ya bahati

Turudi kwenye lile tundu, Tube. Kufikia mwaka 1983 Acorn walihitaji prosesa yenye nguvu kuliko 6502, na zilizokuwa sokoni hazikuwaridhisha. Furber na Wilson walisafiri hadi Phoenix, Arizona, kwenye kampuni iliyokuwa ikiendeleza 6502. Walitarajia jumba kubwa lenye wahandisi wengi. Wakakuta kikundi kidogo kikifanya kazi kwenye nyumba ya kawaida. Wakarudi wakisema, kama hawa wanaweza, nasi twaweza.

Walikuwa wamesoma pia makala kutoka Berkeley kuhusu prosesa zenye maagizo machache na mepesi. Wilson akabuni maagizo na kuyajaribu kwa programu ya kuigiza prosesa, iliyoandikwa kwa BBC BASIC, ndani ya BBC Micro! Hauser amekuwa akitania kwamba aliwapa vitu viwili ambavyo kampuni kubwa hazikuweza kuwapa wahandisi wao: hakuwapa pesa, wala hakuwapa watu. Ikabidi chipu iwe nyepesi.

Tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ikafika. Wakaiunganisha na BBC Micro kupitia Tube, ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Furber alipopima umeme unaotumika, kipimo kikasoma sifuri. Kumbe waya wa umeme wa chipu haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliovuja kutoka kwenye nyaya za mawasiliano! Walitaka itumie chini ya wati moja ili iwekwe kwenye kasha la plastiki la bei nafuu, wakapitiliza shabaha yao kwa mbali.

Jina la chipu hiyo ni ARM. Mwaka huo huo wa 1985 Acorn ilikuwa taabani kifedha, na Olivetti ya Italia ikainunua sehemu kubwa. Novemba 1990 kazi ya ARM ikatengwa kuwa kampuni yake, kwa ushirikiano wa Acorn, Apple na VLSI, ikiwa na wahandisi 12. Miaka ya 1990 watengenezaji wa simu walipotafuta prosesa isiyomaliza betri, ilikuwa inawasubiri. Chipu za ARM zilizokwisha kutengenezwa duniani zinazidi bilioni 200. Simu ya Android au iPhone unayosomea makala haya, unayotumia kumtumia mama pesa kwa M-Pesa, karibu hakika ina ARM ndani yake. Ndiyo maana nikaiita BBC Micro nyanya.

Na ukoo haukuishia hapo. Tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi ilianza kuuzwa, tarakilishi ndogo ya bei nafuu kwa watoto kujifunzia programu. Mmoja wa waasisi wa mradi huo ni David Braben, yule yule wa Elite. Prosesa yake ni ARM. Modeli zake za kwanza ziliitwa A na B, kwa heshima ya BBC Micro.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 10 alinitembelea. Nilimfungulia BBC Micro ya kuigizwa kwenye kivinjari. Mashine ikalia, ikaandika "BBC Computer 32K", kisha alama ya kungoja. Akaniuliza, "Mjomba, michezo iko wapi?" Nikamwambia hakuna, itabidi uuandike. Akacharaza HABARI. Mashine ikajibu "Mistake". Akacheka, akacharaza jina lake, ikajibu "Mistake" tena. Nikamwonyesha PRINT, na saa moja baadaye alikuwa amejaza skrini jina lake kwa rangi tano na hataki kuitwa chakula.

Simu ya mamake ina nguvu mara maelfu kuliko mashine ile, lakini haijawahi kumngoja aiambie la kufanya. Yenyewe humwambia yeye: bonyeza hapa, tazama hiki. Na zile tarakilishi za shule yetu zilikuwa na kila kitu cha kumfundisha mtoto programu isipokuwa ruhusa ya kuzigusa. Kama wewe ni mwalimu na funguo za chumba cha tarakilishi ziko mfukoni mwako, nakuomba wiki hii ufungue mlango. Wakiharibu kitu, niiteni nije nitengeneze, bure.

Haya, kwaherini hadi makala ijayo. Na hamisha zile picha zilizo kwenye CD!